Barua ya wazi kwa wajenzi wa makalavati: maji yanapita, wenye maji hawapiti

Kwa: Wasimamizi wa miradi ya barabara, mainjinia, makontrakta, na nyie mnaosaini vibali

YAH: VIUMBE WA KIJITO WANAOFUKIWA, KUNYONYWA NA PAMPU NA KUFUNGIWA NJIA WAKATI WA UJENZI WA MAKALAVATI

Waheshimiwa,

Salamu kwenu. Naandika hii hadharani kwa sababu njia ya kimya kimya nimeshaimaliza. Nimeandika barua tatu. Ya kwanza nikaambiwa imepokelewa, ya pili nikaambiwa ile ya kwanza haionekani, ya tatu ikagongwa muhuri na mpaka leo huo muhuri ndo jibu pekee nililonalo. Nikapiga simu ofisini nikatupiwa kwa kontrakta, kontrakta akasema yeye anafuata mchoro, aliyechora akasema mchoro ulishapitishwa, waliopitisha wakasema niandike barua. Haya, barua hii hapa, ila safari hii tunaisoma wengi.

Niseme mapema kabisa, sipingi barabara. Napita juu yake kama wengine na nakumbuka kile kivuko cha zamani kilivyokuwa kikituacha ng'ambo kila mvua ikikazana. Ugomvi wangu ni namna mnavyoingia kijitoni kuweka kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, maana mnaingia kama vile mnaingia kwenye mtaro wa maji machafu ambao hauna mwenyewe.

Siku mlipoanza nilikuwepo. Mlirundika udongo upande wa juu mkaziba, mkawasha pampu, na kabla jua halijawa kali kile kipande chote kilikuwa kimebaki madimbwi. Samaki wakubwa waliokotwa na vibarua, na siwalaumu hata kidogo, mtu haachi kitoweo kinachorukaruka mbele yake. Wadogo walibaki kwenye matope. Viluwiluwi walibaki kwenye matope. Kaa walikuwa wanajaribu kupanda ukingo na kijiko cha ekskaveta kinashuka. Kijana mmoja kibarua akavua helmeti yake, akachota maji kidogo, akamtia mkunga mle ndani akakimbia naye mpaka chini kule maji yalikokuwa bado yanatembea. Hakutumwa na mtu. Hiyo helmeti ndo mpango mzima wa uokoaji niliouona kwenye mradi wenu.

Sasa hoja zangu nitazitaja moja moja ili asije mtu akasema sikueleweka.

1. Mnakausha kijito kabla hamjawatoa waliomo.

Hii kazi ina utaratibu wake, unajulikana, na wala hauna maajabu. Unatega wavu juu ya eneo la kazi na mwingine chini yake ili wasiingie wengine, unavua waliomo katikati, unarudia kuvua mpaka wavu unatoka mtupu, ndo unaanza kupunguza maji, tena taratibu, huku watu wanatembea mle ndani wanageuza mawe. Kwa nini mawe? Kwa sababu mkunga, kaa na samaki wanaokaa chini hawafuati maji yakipungua, wao wanajichimbia, ndo akili yao ya siku zote ya kusubiri hatari ipite, na mbele ya ekskaveta akili hiyohiyo ndo inawaua. Mnaowatoa wanawekwa kwenye ndoo kivulini, wasirundikwe, wakubwa mbali na wadogo maana wataliwa humohumo, na wanaachiwa haraka kwenye kijito hichohicho mahali ambapo kazi haitafika. Kuna sehemu wanatumia mashine ya umeme inayowapumbaza samaki kwa muda mfupi wakachotwa, ila hiyo ni ya watu waliosomea, tusije tukaona mtu anajaribia na betri ya gari.

Halafu mdomo wa pampu. Bomba lenu lilikuwa uchi, limetumbukizwa tu dimbwini kama mrija kwenye glasi, na kila kilichokuwa kidogo kuliko tundu lake kilipita humo. Kikapu chenye wavu wa matundu ya milimita chache, tena kiwe kikubwa ili nguvu ya kunyonya isambae isimbane kiumbe kwenye waya, hicho tu. Fundi wa kulehemu anakitengeneza na vipande vya nondo vilivyobaki pale saiti.

Na maboza je? Kila asubuhi yanakuja kuvuta maji ya kushindilia barabara kwenye kile kidimbwi kirefu, kilekile ambacho wakati wa ukavu kila kiumbe kimekimbilia. Yaani mmefunga nyumba yote halafu mnawafuata kwenye chumba cha mwisho.

2. Tope.

Nimeshaambiwa usoni kwamba "hata mvua inachafua maji". Ni kweli, ila mvua inaleta tope pamoja na maji mengi ya kulisukuma. Nyie mnalileta wakati maji ni membamba, kwa hiyo linatua palepale, na likitua linaziba zile nafasi ndogo kati ya kokoto. Mtu wa barabara akiona kokoto anaona kokoto. Kwa kijito zile nafasi ndo vyumba vya kulala, ndo wodi ya wazazi. Samaki wengi wanataga humo na yai linapata oksijeni kwa sababu maji yanapenya katikati ya changarawe, ukiziba kwa udongo laini yai linakosa hewa na wala hutaona maiti inaelea, hutaona kitu chochote, mwaka unaofuata tu unagundua hakuna watoto. Wadudu wanaokaa chini ya mawe, wale ambao baadaye wanaota mabawa na kuruka, nao wanafukiwa, na hao ndo chakula cha samaki, cha vyura, cha ndege, cha popo.

Kile kitambaa cha kuzuia tope mliweka, nilikiona, kilikuwa kimelala kama mgonjwa. Kitambaa kisipozikwa mguu wake ardhini tope linapita chini yake, na kikivutwa kukatiza katikati ya kijito maji yanakizoa siku ya kwanza. Kazi yake ni kukamata udongo unaoteremka kutoka kwenye tuta, kabla haujafika majini. Na maji ya shimo mnayopampu yasirudi kijitoni moja kwa moja, yapelekwe kwenye bwawa la kutuama au mbali kwenye majani ardhi iyanywe.

3. Zege bichi.

Hili watu wengi hawalijui kwa hiyo nalieleza. Maji yaliyogusa saruji mbichi yanakuwa na pH, kile kipimo cha uasidi au umagadi wa maji, ya 12 kwenda 13, yaani ukali wa magadi. Samaki wengi wa maji baridi wanaishi vizuri kati ya 6.5 na 9, na kile kipimo sio cha rula, kila namba moja ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 9 mpaka 12 ni mara elfu moja. Yanachoma matamvua. Juu ya hapo amonia iliyokuwepo majini, ambayo haikuwa na shida sana, inageuka sumu kali pH ikipanda. Na nyie mikisa mnaoshea wapi? Kijitoni, palepale kwenye ngazi za kuchotea maji. Chimbeni shimo mbali na ukingo, tandikeni nailoni, osheeni humo, na maji yasiguse zege jipya mpaka limeshikana. Dizeli ni habari hiyohiyo, tangi la kujazia mafuta halikai ukingoni.

4. Kalavati lenyewe.

Hapa nitakaa kidogo mnisamehe, kwa sababu pampu na tope ni msiba wa wiki kadhaa, kalavati baya ni msiba wa miaka hamsini.

Mnapima kijito kwa swali moja tu, je maji yatapita? Mnatoa hesabu ya mafuriko, mnachagua bomba dogo kuliko yote linalotosha hiyo hesabu, mnalaza, mnafukia. Kijito cha mita tatu mnakibana kwenye bomba la mita moja na nusu. Sasa maji ni yaleyale, kama upana umekatwa nusu na kina hakijabadilika basi spidi lazima iwe mara mbili, hiyo ni hesabu ya shule. Ndani ya bomba hakuna jiwe, hakuna kona, hakuna mahali penye maji tulivu pa kupumzikia. Samaki mdogo anapanda kijito kwa kuruka kutoka nyuma ya jiwe moja mpaka nyuma ya jiwe lingine, anajikaza sekunde chache anapumzika, anajikaza tena. Mpe bomba laini lenye urefu wa barabara ya njia mbili na mabega yake, nguvu inamwishia katikati anarudishwa kinyumenyume.

Na huo ni mwanzo tu. Maji yakitoka upande wa pili kwa kasi yanachimba. Msimu wa kwanza shimo dogo, msimu wa tatu shimo kubwa, sakafu ya kijito inashuka na mdomo wa bomba unabaki unaning'inia hewani, maji yanadondoka kama ya bomba la sinki. Injinia akija kukagua anaona maji yanapita vizuri kabisa anaweka tiki. Kwa samaki wa chini ambaye hajui kuruka, sentimita kumi na tano za hewa ni ukuta wa gereza. Mkunga mchanga anaweza kupanda kwa kutambaa penye unyevu, sawa, ila hawezi kutambaa kwenye hewa.

Wanaofungiwa sio samaki peke yao. Kome wa mtoni hatembei umbali wa maana, watoto wake wanajishika kwenye matamvua au mapezi ya samaki ndo wanasafirishwa, kwa hiyo bomba likimzuia samaki limemzuia na kome. Na kome wana tabia ya kuishi sana, kuna aina moja ya kome wa lulu kwenye mito ya Ulaya anavuka miaka 100, maana yake unaweza ukaangalia kijito ukaona kome wamejaa ukasema hapa salama, kumbe wote ni wazee na hakuna mtoto aliyeingia tangu bomba liwekwe. Fisi maji naye akikuta kalavati limejaa maji mpaka juu hapendi kuogelea humo gizani, anapanda anakatiza barabara, na mnajua wenyewe mnachokiokota asubuhi. Uingereza wanamwekea kibaraza cha kutembelea ndani ya kalavati, juu ya usawa wa mafuriko. Kibaraza tu jamani.

Dawa inajulikana. Kalavati liwe pana kuliko kijito chenyewe kinapojaa mpaka kingoni, liwe halina sakafu au sakafu yake izikwe chini ya usawa wa kijito, halafu changarawe na mawe ya hapohapo yarudishwe ndani ili kijito kipite chini ya barabara kama vile hakijui kuna barabara. Sio mawazo yangu haya. New Zealand waliyaandika kwenye kanuni zao za maji za mwaka 2020, kwamba kalavati linalojengwa bila kibali maalum kwenye kijito cha mpaka mita tatu liwe na upana mara 1.3 ya kijito, na kama lina sakafu basi angalau asilimia 25 ya kipenyo chake iwe chini ya usawa wa sakafu ya kijito. Nchi kibao wana vipimo vinavyokaribiana na hivyo.

5. Miti ya ukingoni.

Mlikata yote, pande zote mbili, mbali kabisa na eneo la kazi, nadhani kwa sababu tu ekskaveta ilikuwa inageukia hapo. Maji yakipata jua yanashika joto na maji ya moto hayabebi oksijeni nyingi: kwenye nyuzi 10 yanabeba kama miligramu 11 kwa lita, kwenye nyuzi 30 yanabaki na 7 na nusu hivi. Mnatoa kivuli wakati huohuo mnapunguza maji.

6. Mashine na mabuti yanayotoka mto mwingine yanakuja na tope la mto mwingine. Kuvu wa ngozi anayemaliza vyura duniani, magugu maji, konokono wageni, vyote vinapanda lifti hivyo. Osha, kausha, ndo uingie. Hapa sina maneno mengi.

7. Hakuna anayerudi.

Utepe ukishakatwa nyie mmeondoka. Hakuna aliyekuja baada ya mvua kubwa ya kwanza kuangalia kama mdomo umeanza kuning'inia, kama kuna magogo yameziba, kama kuna samaki upande wa juu. Mradi mwingine umeshaanza kwingine na mchoro ni uleule, naapa hata kijito hamkubadilisha jina kwenye karatasi moja niliyoonyeshwa.

Najua mtakachojibu kwa sababu nimeshajibiwa.

Mtasema kijito ni kidogo hakina samaki. Aliyepima nani, lini, kwa wavu gani? Kusimama barabarani mchana na kuchungulia sio kupima. Mtasema miezi mingine kinakauka kabisa, basi nendeni mkachimbe kokoto kwa mkono sentimita kadhaa muone unyevu wake na waliomo, kijito kinachokauka juu mara nyingi kinaishi chini, na madimbwi yaliyobaki ndo mbegu ya msimu unaokuja. Mtasema watarudi wenyewe. Watarudi kupitia wapi, lile bomba?

Mtasema tathmini ya mazingira ilifanyika. Nimeisoma. Ina kurasa nyingi za vumbi na kelele, hayo ni muhimu na mimi vumbi nimelila, ila kijito kimepewa aya moja inayosema athari zitakuwa za muda mfupi na zitadhibitiwa. Zitadhibitiwa na nani haijasema. Na hata ingekuwa na kurasa mia, karatasi iliyoko ofisini haimuoni mwendesha pampu aliyeko saiti.

Na la bajeti, ambalo ndo mnalipenda zaidi. Ni kweli kalavati pana ni ghali siku ya kwanza. Lakini hebu angalieni bomba jembamba linaishiaje: gogo moja linakwama mlangoni, matawi yanajishika, maji yanapanda, tuta linakatika, barabara inaondoka. Agosti 2011 kimbunga Irene kilipopiga jimbo la Vermont kule Marekani makalavati mamia kwa mamia yaliharibika, na ndani ya msitu wa Green Mountain vile vivuko vilivyokuwa vimejengwa kwa upana wa kijito chenyewe kwa ajili ya samaki vilibaki vimesimama. Vilijengwa kwa ajili ya samaki, vikaokoa barabara. Au tazameni jimbo la Washington, makabila 21 ya wenyeji yalikwenda mahakamani kwa sababu makalavati ya barabara yanazuia samoni wao na wana mikataba ya uvuvi ya tangu miaka ya 1850. Mwaka 2013 mahakama ikaliamuru jimbo liyarekebishe, mwaka 2018 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikagawanyika 4 kwa 4 na amri ikabaki palepale, na sasa jimbo linafukua barabara zilizokwisha jengwa kwa mabilioni ya dola. Hao nao siku ya kwanza walibana matumizi.

Ninachoomba ni hiki, na naomba kijibiwe kimoja kimoja.

Pampu zizimwe kwenye kipande ambacho bado hakijakaushwa mpaka uokoaji ufanyike na mtu anayejua, na orodha ya waliotolewa na waliokufa ibandikwe pale getini mwa saiti, kwa lugha yetu. Maboza yahamishwe kutoka kile kidimbwi leo, hili halihitaji kikao. Ratiba ya kuingia majini ipangwe kwa kuangalia na msimu wa kutaga, kwa sasa mnaangalia mvua tu. Yale mabomba mawili ambayo bado yamelala pale saiti yasifukiwe, mchoro uangaliwe upya kwa upana wa kijito kilivyo na sakafu izikwe. Lile lililokwisha wekwa, kama kulitoa haiwezekani, basi shimo la mdomoni lijazwe mawe kwa mteremko mpole mpaka maji yaguse mdomo, na ndani zifungwe vizuizi vya kupunguza kasi. Ni kiraka na nakijua ni kiraka, ila ni bora kuliko ukuta.

Pia tunataka jina la mtu mmoja, mmoja tu, mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi kijito kikiharibika, awe saiti na sio mjini, na simu yake ipokelewe. Na tarehe ya kurudi kukagua baada ya mafuriko ya kwanza, iandikwe kwenye mkataba na sehemu ya malipo ya kontrakta ishikiliwe mpaka siku hiyo. Mkishikilia hela mtashangaa watu wanavyojifunza kufunga wavu kwenye pampu.

Nawapa siku 14 za kujibu kwa maandishi. Zikiisha nitaipeleka hii barua na picha zake kwenye mamlaka iliyotoa kibali, na nakala kwa waliotoa hela ya mradi, nao wana masharti yao ya mazingira na najua mliyasaini.

Na yule kijana wa helmeti asifukuzwe. Nimesikia aliulizwa kwa nini aliacha kazi.

Namba yangu ya simu iko kwenye barua zote tatu, hata ile isiyoonekana.

Wenu,
Mkazi wa kando ya kijito